Kukunja au Kubeba: Historia Fupi ya Baiskeli kati ya Nakivale na Mbarara

Mwaka jana nilisimama mbele ya baiskeli mbili katika banda la mitumba mjini Mbarara, nikiwa na fedha za kununua moja tu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye magurudumu ya kitoto na bawaba katikati ya fremu. Muuzaji alifungua kibano, akaipinda, akashusha kiti na usukani, na mbele yangu hapakuwa tena na baiskeli bali furushi la vyuma linaloweza kuingia chini ya kiti cha taksi. Ya pili ilikuwa ile tunayoijua sote: nyeusi, ndefu, magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, na karia pana nyuma. Bei zao zilikaribiana. Sikununua chochote siku hiyo. Nilirudi Nakivale na swali nililodhani ni la mfuko wangu peke yake, lakini kadiri nilivyolifuata ndivyo lilivyonipeleka kwenye historia ya Uingereza, ya Kongo, ya mpaka wa Busia, na ya makazi haya tunayoishi.

Kwanza nieleze tatizo lenyewe. Anayeishi Nakivale na kusoma Mbarara ana safari ya vipande vitatu. Kipande cha kwanza ni kutoka nyumbani hadi taksi inapopatikana. Makazi ya Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, yana zaidi ya kilomita za mraba 180, na kanda zake za Base Camp, Juru na Rubondo ziko mbalimbali, kwa hiyo kipande hicho kinaweza kuwa dakika kumi au saa mbili za miguu. Kipande cha pili ni taksi yenyewe, kwenye barabara ya udongo na kisha kwenye lami inayotoka Kikagati kupitia Kabingo hadi Mbarara. Cha tatu ni kutoka stendi ya Mbarara hadi chuoni. Kipande cha kati ndicho kirefu, lakini vya mwanzo na mwisho ndivyo vilivyokuwa vikinimaliza. Nilipoandika matumizi yangu ya wiki moja kwenye daftari, niliona kwamba bodaboda za asubuhi na jioni zilinila kuliko taksi.

Kwa hesabu hiyo, baiskeli ya kukunjwa ndiyo jibu. Unaiendesha hadi kwenye taksi, unaikunja, unapanda nayo, unaikunjua mjini. Vipande vyote viwili vinakuwa bure. Lakini hapo ndipo nilipojiuliza swali la mwanahistoria: kama chombo hiki ni jibu zuri kiasi hiki, mbona katika miaka yote niliyokaa Nakivale sijaona mtu hata mmoja anayekitumia?

Jibu la haraka ni kwamba hakikuwa kimegunduliwa, au kilikuwa ghali. La kwanza si kweli. Baiskeli ya kukunjwa ni ya zamani karibu sawa na baiskeli ya kisasa yenyewe. Katika miaka ya 1890, Kapteni Henri Gérard wa jeshi la Ufaransa alikuwa tayari anafundisha askari kubeba mgongoni baiskeli iliyokunjwa panapokosekana njia na kuipanda panapokuwa na barabara. Katika Vita Kuu ya Pili, kampuni ya BSA ya Birmingham iliwatengenezea askari wa miavuli wa Uingereza baiskeli ya kukunjwa, na baadhi yao walishuka nazo Normandy mwaka 1944. Kwa maneno mengine, chombo hiki kilianza kama cha askari, mtu ambaye chakula chake, mzigo wake mkubwa na familia yake vinashughulikiwa na wengine.

Kutoka kambini kiliingia mjini. Mwaka 1962 mhandisi Alex Moulton alionyesha kwamba baiskeli yenye magurudumu madogo inaweza kwenda vizuri kama ile yenye makubwa. Katikati ya miaka ya 1970 Andrew Ritchie, akiwa katika chumba chake London mkabala na kanisa la Brompton Oratory, alianza kutengeneza baiskeli inayojikunja mara tatu, gurudumu la nyuma likiingia chini ya fremu na mnyororo ukifichwa katikati ili usichafue nguo. Aliipa jina la Brompton. Magurudumu yake ni ya inchi 16, na uzito wake hauzidi sana kilo 12. Huko Marekani, mwanafizikia David Hon, aliyeguswa na uhaba wa mafuta wa miaka ya 1970, alianzisha kampuni ya Dahon mwaka 1982 kwa lengo hilohilo: watu waunganishe baiskeli na treni au basi, waache gari nyumbani.

Ukizisoma habari hizi kwa pamoja unaona jambo moja. Kila mmoja alimwaza mtu mmoja mwenye begi moja. Mtu huyo anakwenda ofisini, anarudi jioni, na nyumbani kwake maji yanatoka kwenye bomba. Adui wake ni mlango mwembamba wa treni na mwizi wa mtaani. Bawaba ya Ritchie ni jibu sahihi kabisa kwa mtu huyo. Swali ni kama mtu huyo ndiye mimi.

Nikageukia ile baiskeli nyeusi. Nayo ina ukoo wake. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli aliyoiita Rover, yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli zote zilizopo sasa ni watoto wa hiyo. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akapata haki ya kutengeneza tairi la mpira lililojaa hewa, na kuanzia hapo Ulaya na Marekani zikashikwa na wazimu wa baiskeli.

Hapa historia inafika nyumbani kwetu, na si kwa wema. Tairi linahitaji mpira, na wakati huo mpira mwingi ulitoka katika misitu. Msitu mmoja mkubwa ulikuwa ndani ya Dola Huru ya Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake tangu 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira cha kuleta. Walioshindwa walipigwa viboko, wake zao walifungwa kama rehani, na wengine walikatwa mikono. Ripoti ya balozi mdogo wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904, na kampeni ya mwandishi E. D. Morel ndizo zilizofanya dunia ishindwe kuendelea kufumba macho. Sisemi kwamba baiskeli peke yake ilileta unyama huo. Mpira ulihitajika pia kwa nyaya, mashine na baadaye magari. Lakini wateja wa mwanzo wa tairi la hewa walikuwa waendesha baiskeli, na baadhi ya starehe yao ililipwa na babu zetu. Mimi ni Mkongomani. Nilipoligusa lile tairi sokoni nilijua kwamba silipi bei iliyoandikwa tu.

Kwetu baiskeli ilifika kama kitu cha wamisionari, maofisa na makarani, kisha ikashuka kwa wakulima na wachuuzi. Iliyoshinda ni ile nzito ya Kiingereza ya aina ya Raleigh wa Nottingham, na baadaye ndugu zake wa India na China: Hero ya Ludhiana, iliyoanza 1956, na Phoenix ya Shanghai. Nchini Kenya watu waliipa jina la nyoka, Black Mamba. Waingereza waliiunda iende kwenye barabara mbaya. Watu wetu waliigeuza kuwa punda. Katika Isingiro utaiona ikiwa na mikungu ya matoke inayoning'inia pande zote hadi magurudumu hayaonekani, na mwenyewe anatembea pembeni akiisukuma kwa kijiti kilichofungwa kwenye usukani. Katika Ankole nzima utaiona asubuhi ikiwa na makopo ya maziwa kuelekea mjini. Nakivale utaiona na jerikani za maji, magunia ya mahindi yanayokwenda kinuni, na samaki kutoka ziwani.

Sisi tunaosoma lugha tuna shahidi mwingine, nao ni maneno. Kiswahili sanifu kinasema baiskeli, neno lililochukuliwa moja kwa moja kutoka Kiingereza. Waganda wanasema eggaali, na Wanyarwanda wanasema igare. Yote mawili yanahusiana na neno letu gari, ambalo nalo lilitoka India. Kwa jirani zetu, basi, chombo hiki kilipofika hakikuonekana kuwa kitu kipya cha mchezo. Kilikuwa gari, yaani kitu cha kubebea. Warundi wanasema ikinga, na katika Kiswahili cha kwetu Kongo tunasema kinga, au velo tukifuata Kifaransa. Wasomali wana baaskiil, lakini pia wana bushkuleeti, alama ya utawala wa Italia. Ukipita katika soko la Base Camp siku yenye watu wengi unaweza kuyasikia yote haya ndani ya nusu saa, na kila neno linakueleza aliyelisema alipitia wapi, na nani alimtawala. Sijasikia hata lugha moja kati ya hizo yenye neno la kawaida la baiskeli ya kukunjwa. Mimi mwenyewe hapa ninaieleza kwa maneno matatu.

Je, watu wetu hawakuwa na tatizo lile la vipande viwili vya safari? Walikuwa nalo, na walilijibu kwa namna nyingine. Mfano mkubwa ni Busia. Kati ya kituo cha mpaka cha Uganda na kile cha Kenya kulikuwa na nafasi ambayo basi halikuvuka, na msafiri alishuka na mizigo yake akatembea. Katika miaka ya 1960 na 1970 vijana wenye baiskeli waliweka kiti chenye sponji juu ya karia, wakaanza kuwavusha watu huku wakinadi kwa Kiingereza cha mpakani, "boda, boda". Hapo ndipo lilipozaliwa neno ambalo leo linajulikana Afrika Mashariki nzima, ingawa siku hizi pikipiki imelirithi na wengi wamesahau kwamba lilianzia kwenye pedali.

Linganisha sasa. London kuna kipande cha safari kisichofikiwa na treni. Mhandisi anatengeneza bawaba ili abiria aende na baiskeli yake mwenyewe. Busia kuna kipande kisichofikiwa na basi. Kijana anaweka sponji kwenye karia na abiria anakwenda na baiskeli ya mtu mwingine. Tatizo ni lilelile. Huko walikunja chuma. Hapa tuliongeza mtu. Ndiyo maana siridhiki na jibu kwamba ni umaskini tu. Umaskini upo, na Brompton mpya ni ghali hata kwa Mwingereza wa kawaida. Lakini ile ya mitumba niliyoiona Mbarara haikuwa ghali kuliko nyeusi, na bado ilikuwa imejaa vumbi.

Goma wana jibu lao pia, na ni la kwetu kabisa: chukudu, baiskeli ya mbao isiyo na pedali wala mnyororo, yenye magurudumu ya mbao, inayobeba mamia ya kilo za viazi, makaa na mbao kwenye miteremko ya volkano. Mwaka 2009 mji ule uliisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu. Ni nadra mji kukiheshimu chombo cha mbeba mizigo kiasi hicho. Nayo haikunjwi.

Kuna upande mwingine wa historia ambao sikuufikiria hadi nilipozungumza na mzee mmoja Mnyarwanda anayeishi upande wa Juru. Nakivale ilianza mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960, wakati Watutsi walipokuwa wakikimbia machafuko ya Rwanda, na yeye alifika akiwa mtoto. Nilimwuliza kama watu walikuwa wakienda Mbarara kwa baiskeli. Alicheka, akasema, "Unauliza habari ya kilomita. Sisi tuliuliza habari ya karatasi." Sheria ya wakimbizi ya 1960 ilimtaka mkimbizi akae pale alipopangiwa, na kutoka kulihitaji kibali. Ukiwa na baiskeli nzuri kuliko zote duniani, bila kibali ulikuwa mtu wa kukamatwa. Mwaka 1982, Wanyarwanda wengi walipofukuzwa mashambani katika wilaya ya Mbarara na kusukumwa hadi mpakani au makambini, njia hiyohiyo ya Mbarara ilikuwa njia ya hofu.

Sheria iliyopo sasa ni ya 2006, na kanuni zake ni za 2010. Inamtambulia mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi nchini, pamoja na mipaka inayoweza kuwekwa na sheria. Mimi ninayelalamika kuhusu nauli ya bodaboda ni mtoto wa sheria hiyo. Swali la baiskeli ipi ya kwendea chuoni Mbarara ni swali ambalo yule mzee, katika umri wangu, hakuwa na nafasi ya kuliuliza. Nilipolitambua hilo niliona aibu kidogo, kisha nikaona sababu ya kuliuliza kwa makini zaidi.

Nikamweleza mama habari ya zile baiskeli mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza jambo moja: "Ile kinga ya kukunja itabeba bidoni ngapi za mayi?" Sikuwa na jibu. Mama hakuwa akinidhihaki. Mwaka 2008, vita vilipoikumba Rutshuru, tulivuka Ishasha na kuingia Uganda tukiwa na baiskeli moja. Baba aliisukuma. Juu yake kulikuwa na sufuria, unga, na mdogo wangu aliyefungwa kwa kitenge asianguke. Tuliiuza upande wa pili ili tule. Baadaye, Nakivale, mdogo wangu huyohuyo aliposhikwa na malaria usiku, tuliazima baiskeli ya jirani, na ni kwenye karia yake alikofikishwa kwenye zahanati. Katika Kiswahili sanifu kinga ni kitu kinachozuia madhara. Mwalimu wangu aliwahi kunisahihisha nilipoandika kinga kwa maana ya baiskeli, na alikuwa sahihi. Ila nyumbani kwetu maana hizo mbili hazijawahi kuwa mbali.

Nilinunua ile nyeusi.

Lakini hilo halikumaliza tatizo la safari, kwa maana baiskeli ile haiingii ndani ya taksi. Inaweza kupanda juu ya keria ya paa, ikifungwa kwa mipira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, lakini konda anaitoza kama abiria. Suluhisho nililionyeshwa na fundi baiskeli mmoja barabarani karibu na Kabingo. Chini ya paa lake la mabati kulikuwa na baiskeli kumi na kitu zimeegemezana. Nilidhani ni za kutengenezwa. "Hizi zinangoja wenyewe," alisema. Wachuuzi na wanafunzi hufika naye alfajiri, wanaziacha, wanapanda taksi, na jioni wanazichukua. Anatoza kidogo, na kwa kidogo hicho anajaza upepo na kutia mafuta kwenye mnyororo. Hatoi risiti. Anajua uso wa kila mmoja na kijiji chake.

Sasa kipande changu cha kwanza ni bure, au karibu na bure. Cha tatu, kule Mbarara, ninatembea kwa miguu dakika arobaini, na siku za mvua ninakula hasara ya boda. Ni suluhisho la nusu, na sitaki kulipamba. Mwanafunzi anayeishi peke yake mjini, asiye na maji ya kuchota wala mgonjwa wa kubeba, ningemshauri arudi kwenye lile banda akanunue ile ndogo, kwa sababu kwake hesabu ya Ritchie na Hon ni sahihi.

Ninachodai katika insha hii ni kidogo. Tunapouliza kwa nini chombo fulani hakikuenea kwetu, tusianze na kile tulichokosa. Tuanze na tatizo ambalo chombo hicho kiliumbwa kulitatua, kisha tutafute nani hapa alikwisha kulitatua na kwa kitu gani. Historia ya usafiri kati ya Nakivale na Mbarara haiko katika fremu na bawaba peke yake. Iko katika kibali cha 1960 na sheria ya 2006, katika sponji ya Busia na mbao za Goma, na chini ya paa la fundi asiyetoa risiti. Jumamosi na Jumapili siendi chuoni. Baiskeli huwa na mama, na hurudi jioni na jerikani nne.